Shati la Chuma la Baba Agape

Pale Misunkumilo ukiuliza kwa Evarist utaulizwa kwanza, Evarist yupi, wa shati? Ukikubali, huyo uliyemuuliza atacheka kidogo, halafu ndipo atakuelekeza. Hakuna anayekuelekeza bila kucheka. Imekuwa kama kodi ya njia.

Kazi yake ya mchana haichekeshi. Evarist ni fundi wa kusuka nondo, tena fundi kweli. Majengo mengi yanayosimama Mpanda mjini siku hizi yana nguzo alizozifunga yeye, ila huwezi kuziona, maana akimaliza tu zege linamwagwa juu na kazi yote inafukiwa. Hilo lilikuwa linamuuma. Fundi rangi anasifiwa, fundi bati anasifiwa, hata aliyepanga maua ya plastiki sebuleni anasifiwa. Fundi nondo anasifiwa na nani? Labda tetemeko.

Kichekesho kinaanza jioni. Akisharudi kazini na kuoga, Evarist anatoa kigoda chake nyuma ya nyumba, kati ya jiko na banda la kuku, anaweka kopo miguuni, anashika plaizi mbili, na anaanza kusuka shati. Sijakosea, shati, la chuma tupu. Anachukua waya mweusi ule laini wa kufungia nondo, anauzungusha kwenye kipande cha nondo hadi unakuwa kama springi, anaukata upande mmoja, na pete zinadondokea koponi ti, ti, ti. Halafu anapanua pete moja, anaipitisha ndani ya nyingine nne, anaibana. Anapanua nyingine. Ndiyo hivyo hivyo, pete kwa pete, jioni kwa jioni, mpaka chuma kinaanza kulala mkononi kama kitambaa. Mavazi ya namna hiyo waliyavaa wapiganaji wa Ulaya zamani sana, ili mkuki usipite. Sasa ni nani wa kumchoma Evarist mkuki hapa Misunkumilo, hilo yeye mwenyewe hawezi kukueleza.

“Baba Agape,” jirani yake Mwandu alimwambia siku moja akipita na ng’ombe, “unamwogopa nani? Sisi Wasukuma tulikuja huku na ng’ombe tu, mikuki tuliiacha.”

“Nyie endeleeni kusema,” Evarist alijibu bila kuinua kichwa. “Ng’ombe wako wakikupiga pembe utakuja kuliazima.”

Wengi wanajua alikoipata akili hiyo, ni kwenye simu. Aliona video ya mzungu mmoja mwenye ndevu akisuka pete sebuleni kwake, na akasema moyoni, kumbe waya ni huu huu ninaoukanyaga saiti kila siku. Hilo analieleza kwa yeyote. Kuna lingine halielezi, nami nitakwambia kwa kuwa hayupo hapa.

Evarist alianza pete mwaka alioacha pombe. Kabla ya hapo, kila jioni alikuwa akipitia kilabuni “kusafisha vumbi la saruji kooni,” na vumbi hilo lilikuwa halisafishiki. Aliacha baada ya sendofu, sherehe ya kumwaga binti yake Agape kabla ya harusi, aliposinzia kwenye kiti cha mbele, mbele ya wakwe, mdomo wazi, mpaka mshereheshaji akamwomba kwenye kipaza sauti asikorome. Aibu ile ilimwingia mifupani. Kesho yake akasema basi, na ikawa basi. Lakini mchana haukuwa na tatizo, tatizo lilikuwa jioni. Jua likishuka tu mikono yake ilianza kutafuta kitu cha kushika, na kitu ilichokijua kilikuwa kimoja. Sasa ikapata pete. Akishika plaizi, akija kuinua kichwa, ugali uko mezani na ile saa mbaya imeshapita.

Hakumwambia mtu, hata mke wake Lusia. Angemwambiaje? Kwamba mume mzima, fundi wa maghorofa, kati yake na chupa kuna kipete kidogo kama jicho la kuku? Bora aonekane ana kichaa cha pete. Kichaa kina heshima yake.

Lusia, au Mama Agape, ni Mkonongo wa huko Ugalla, mtoto wa warina asali, na mdomo wake haukopeshi. Alimvumilia Evarist kwa kumtania. Alisema ana mke mwenza wa chuma. Alisema akifa yeye, Evarist atamsukia sanda ya pete na wabeba jeneza watamlaani. Ila siku alipotoka nje na beseni la nguo zilizofuliwa, akanyanyua mikono kuanika, na kukuta hewa tupu mahali ulipokuwa waya wake wa kuanikia, utani uliisha hapo hapo. Aligeuka. Mume wake alikuwa kigodani, anabana pete mpya zinazong’aa vizuri kuliko zile nyeusi.

“Baba Agape. Waya wangu uko wapi?”

Evarist alitazama kopo, akatazama beseni, akatazama banda la kuku kama vile kuku wangemsaidia kujibu.

“Nilikuwa nimalizie mkono,” alisema.

Lusia alianika mashuka juu ya paa la banda, kuku wakayafanyia waliyoyafanya, na Jumamosi kesi ikafika jumuiyani. Kwa Wakatoliki wa mtaa ule, jumuiya ndiyo mahakama ya kwanza, na mara nyingi ndiyo ya mwisho. Mnasali, mnasoma Injili, mnatoa matangazo, halafu mwenye dukuduku anasimama. Lusia alisimama. Alieleza habari ya waya, habari ya mashuka, habari ya pete anazozikanyaga usiku akienda chooni. Watu waliuma midomo wasicheke, isipokuwa Zefania, kijana wa bodaboda, ambaye hakujisumbua kuuma.

Mwenyekiti, mzee Sixte, alifikiri kwa muda mrefu kama mtu aliyeletewa mgogoro wa mipaka.

“Ndugu Evarist, hilo shati lina kazi gani?”

“Kazi?”

“Ndiyo. Kila kitu cha nyumbani kina kazi. Jembe lina kazi. Shati lako je?”

Hapo Evarist alikuwa na jibu la kweli, na lilimfika kooni kabisa. Akaliona kundi zima linamtazama, akaona na meno ya Zefania, akalimeza. Badala yake akasema la kwanza lililomjia kichwani. “Ni la Ijumaa Kuu. Kwenye Njia ya Msalaba, askari wa Kirumi wetu wanavaa maboksi ya sabuni. Mimi nimesuka la kweli.”

Kweli, mwaka uliotangulia askari mmoja aliandamana na Bwana Yesu hadi Kalvari akiwa ameandikwa mgongoni jina la sabuni ya unga. Watu waliguna kukubali. Mzee Sixte akaona njia ya kutokea, akaishika kwa mikono miwili.

“Basi alivae Ijumaa Kuu. Likifanya kazi yake vizuri, mama, utamsamehe na libaki. Likituaibisha, shati ni lako, ulipeleke hata kwa wanunua vyuma chakavu, na yeye asisuke tena. Mmekubali?”

“Nimekubali,” alisema Lusia kwa haraka. Evarist alikubali kwa sauti ndogo. Alirudi nyumbani akiwa na hofu ambayo hakuna mtu pale angeielewa. Wengine waliona anagombania nguo. Yeye alikuwa anagombania jioni zake.

Sasa, msomaji, ukiwa na hofu usifanye jambo kwa siri, hasa jambo la fani ya mkeo. Masika ya Katavi hayana huruma na chuma, na shati lilikuwa limeanza kutu mabegani. Grisi Lusia alishaipiga marufuku tangu ilipoharibu godoro. Evarist akampigia simu shemeji yake Malale, kaka yake Lusia, mfuga nyuki wa Ugalla, akamwomba nta ya kupaka chuma. Malale akampakilia kwenye basi ndoo ya masega yaliyokamuliwa, na akamsisitiza, “Shemeji, hiyo bado chafu. Uichemshe kwanza, uichuje, ndipo upake.”

Lakini ndoo ilichelewa, ikafika Alhamisi Kuu. Kuchemsha kungemlazimu atumie sufuria na jiko la Lusia, na maswali yangefuata. Evarist akachovya kitambaa ndooni, akasugua. Eh! Shati liliwaka kama dhahabu. Akasugua tena, mbele, nyuma, kwapani, na mkono ule wa waya wa kuanikia. Akajiona yeye na Malale nani zaidi. Kuchemsha ni kwa watu wasiojua kusugua.

Ijumaa Kuu mvua ilipumzika na jua likatoka kali. Evarist alipotokeza kwenye uwanja wa kuanzia, watu walinyamaza. Nakwambia kweli, walinyamaza. Shati lilimshuka hadi magotini, linameta, na kila hatua lilitoa sauti kama ya sarafu nyingi mfukoni mwa tajiri. Zefania, ambaye mwaka ule alichaguliwa kuwa Yesu kwa sababu ya ndevu zake, alimzunguka mara moja na kusema, “Kaka, umetisha.” Hata Lusia, aliyekuwa kati ya wanawake wa Yerusalemu wanaolia, alimtazama mumewe kwa jicho ambalo Evarist alikuwa hajaliona tangu wakiwa wachumba. Akanyoosha mgongo. Shati ni zito kama mfuko wa mahindi, lakini saa ile alilisikia jepesi kama khanga.

Walikwenda vizuri kituo cha kwanza na cha pili. Katekista Monika alisoma kitabu, watu wakaimba, Zefania akabeba msalaba wa mkaratusi, Evarist akamsukuma kwa mkuki wa mti kwa adabu zote. Kituo cha tatu, Yesu alipoanguka mara ya kwanza, nyuki mmoja alikuja akatua begani kwa askari. Evarist akampuliza. Wakaja wawili.

Walipofika kituo cha nne Zefania aligeuza shingo chini ya msalaba. “Kaka, una nyuki mgongoni.”

“Wewe teseka,” Evarist alimnong’oneza. “Achana na mimi.”

Kituo cha tano Zefania hakugeuka tena, alikuwa anatazama kwa pembe ya jicho na kutembea haraka haraka, mpaka Simoni wa Kirene akawa anakimbilia kumsaidia. Nyuki wa Mpanda nzima walikuwa wamepata habari. Jua lilikuwa limepasha chuma, chuma kimeyeyusha nta, na asali iliyobaki ndani yake ilikuwa inanukia mtaa mzima. Walitua kifuani, mgongoni, wakawa wanaingia kwenye pete moja na kutokea nyingine kama wapangaji. Watu wa nyuma walidhani ni sehemu ya igizo, na bibi mmoja alisikika akisifu kwamba mwaka huu wamejiandaa kweli.

Kituo cha sita, katekista alipofungua mdomo kusoma habari za Veronika, nyuki mmoja alimuuma Zefania sikioni. Na hivyo ndivyo Misunkumilo ilivyomwona Yesu akitupa msalaba, akipandisha kanzu na kutimka kuelekea soko, huku mitume, Pilato na makuhani wakuu wakimfuata kwa upendo mkubwa. Njia ikawa tupu. Zikabaki kandambili.

Akabaki na Evarist. Alikuwa ameshachomwa mdomoni na kwenye kope, lakini hakukimbia. Kama kuna kitu pete zilimfundisha, ni kukaa bila kupapatika. Alijua akipiga mmoja wataudhika wote. Akasimama na mkuki wake, macho amefumba, nyuki wakitembea shingoni kwake, na wazo alilokuwa nalo lilikuwa moja, kwamba limekwisha. Shati limekwisha. Kesho jioni atashika nini?

“Usitikisike.”

Akafumbua jicho lililobaki. Lusia alikuwa anakuja taratibu, khanga ya maombolezo amejifunga kichwani hadi puani, mikononi ameshika jiko la mama mmoja wa mahindi ya kuchoma. Alikuwa amelijaza maganda mabichi ya mahindi, na moshi ulikuwa mzito hadi hapaonekani anapokanyaga.

“Rudi, Mama Agape, watakuuma.”

“Nyamaza. Watakuingia mdomoni.” Akamzungukia kwa moshi, kwanza miguu, halafu mgongo. Alinusa. “Ulipaka nini?”

“Nta.”

“Uliichemsha?”

Evarist alitazama ncha ya mkuki wake. Lusia alifumba macho kidogo, kama mtu anayeomba uvumilivu juu mbinguni, akaendelea kupuliza. “Inama. Inama zaidi, mikono mbele. Sasa jitikise.” Shati likateleza kichwani kwa uzito wake lenyewe na kuanguka chini pwaa, pamoja na nyuki wake. Wakaliacha pale pale njiani, akamshika mkono, wakaondoka polepole. Nyuki walikula mpaka giza lilipoingia. Asubuhi Lusia alikwenda kuliokota, akalikuta safi kuliko lilivyopata kuwa.

Jumamosi iliyofuata Pasaka, saa kumi jioni, jumuiya ilikutana kwa mzee Sixte. Evarist alilibeba shati mwenyewe begani. Mdomo ulikuwa bado umevimba na jicho moja linachungulia kwa shida. Siku zote hizo hakugusa plaizi. Siku ya Alhamisi, jua lilipokuwa linashuka, alivaa viatu, akafika hadi getini, akasimama pale ameshika komeo muda mrefu, akarudi ndani akavua viatu. Alijiogopa. Na Lusia alikuwa jikoni, mwiko mkononi.

Walisali. Walisoma Injili. Kila aliyemtazama Evarist alilazimika kutazama haraka kitu kingine. Zefania alikuwa na sikio kama andazi, lakini hilo halikumzuia kucheka. Mzee Sixte akakohoa.

“Sasa tuna ile habari yetu. Tulikubaliana, likituaibisha linakuwa la mama. Sidhani kama kuna haja ya kujadili.”

“Hakuna,” alisema Evarist. Akasimama, akalishusha shati mapajani kwa mke wake. Lusia aliguna kwa uzito ule, akalishikilia lisiteleze. Akapitisha vidole juu ya pete, taratibu, kama anayechambua mchele.

“Utaliuza, mama?” mzee Sixte aliuliza.

“Nitasema,” alisema Lusia. “Lakini kwanza nina swali kwa nyie ndugu zangu. Shati mmelicheka. Na mimi nimelicheka, tena mimi ndiye niliyeanza. Zefania.”

“Naam, mama.”

“Miaka ile, wewe na wenzako, mlikuwa mnaniletea huyu baba nyumbani na nini?”

Zefania aliacha kucheka. Alitazama chini. “Na toroli, mama.”

“Toroli la nini?”

“La zege.”

“Mnabisha hodi, mnalisimamisha mlangoni, mnaniambia, mama njoo pokea mzigo. Na mimi natoka na taa, nampokea. Mzee Sixte, hata wewe uliwahi kulisukuma toroli hilo, Mungu akubariki. Sasa niambieni nyie nyote. Tangu huyu ameanza pete, ni nani amenibishia hodi na toroli?”

Zefania alitikisa kichwa taratibu.

“Basi,” alisema Lusia, na sauti yake, ile isiyokopesha, ilitetemeka. “Nilikasirikia waya wangu. Waya unanunuliwa. Juzi nimemwona mtu amesimama getini ameshika komeo, na mimi niko jikoni nimeshika mwiko, siwezi hata kupumua. Sitaki kuyaona hayo tena.”

Evarist alikuwa ameinamisha kichwa. Miaka yote hiyo alidhani amejificha vizuri nyuma ya pete zake, kumbe mtu alikuwa amekaa jikoni anamtazama kila jioni na kunyamaza ili asimharibie. Alisikia aibu, na chini ya aibu akasikia raha ambayo hakulijua jina lake.

Lusia alinyanyuka na shati, akavuka mkeka, akamwekea mumewe mapajani.

“Shika, Baba Agape,” alisema. “Jioni inaingia.”

Evarist alitaka kusema asante, lakini mdomo ulikuwa bado umevimba, na machozi yalikuwa yameshatangulia.